"Nipe Ile Kali": Yale Mnayoniuliza Kuhusu Augmentin na Ampiclox

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. "Dokta, Amoksi hainishiki siku hizi, nipe ile kali." "Dada, jirani yangu kameza Augmentin, siku ya pili yuko sokoni. Nikatie na mimi vinne." "Mtoto anakohoa tangu juzi. Nimwanzishie Amoksi, au nisipoteze muda niende moja kwa moja kwenye Augmentin?" Kaunta ya duka la dawa si mahali pa kujibu kwa kirefu, foleni ikiwa nyuma na mtu anagonga sarafu kwenye kioo. Leo hakuna foleni, kwa hiyo nitajibu taratibu.

Kuna nini ndani ya kidonge

Augmentin ni jina la biashara. Makampuni mengi hutengeneza dawa hiyo hiyo kwa majina mengine, na ndani yake mna vitu viwili: amoksisilini, ile ile ya siku zote, na asidi ya klavulaniki. Baadhi ya bakteria wana kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi. Kinaikata amoksisilini vipande kabla haijawadhuru. Asidi ya klavulaniki haiwaui hao bakteria. Inachofanya ni kujibana katikati ya makali, mkasi usifunge tena, na amoksisilini ipate kupita. Watafiti wa kampuni ya Beecham ya Uingereza waliipata miaka ya 1970 kutoka kwa kijidudu cha udongoni, na Augmentin ikaingia sokoni huko mwaka 1981.

Hivyo miligramu 500 za amoksisilini zilizomo kwenye kidonge cha 625 hazina ukali wowote zaidi ya miligramu 500 za kapsuli ya kawaida. Kilichoongezeka ni kizuizi cha mkasi. Kama bakteria wako hana mkasi, umelipia kizuizi kisicho na kazi, na tumbo lako litadai malipo yake. Wale wanaoleta tonsili zenye usaha, streptokokasi wa kundi A, mpaka leo hawana mkasi huo, na penisilini ya kawaida inawamaliza. Wapo pia bakteria waliojikinga kwa njia nyingine kabisa: hawakushika mkasi, wamebadili kitasa. Hao nao klavulaniki haiwasaidii wala haiwadhuru.

Ndiyo maana ukiniuliza "ipi kali?" nakujibu kwa swali: "Unaumwa nini, na nani kakupima?" Si kiburi.

Lini inafaa

- Kidonda cha kung'atwa na mbwa, paka au binadamu. Mdomo una mchanganyiko wa bakteria, na wengi wao wana mkasi.
- Sikio la mtoto au maumivu ya mifupa ya uso baada ya mafua mazito, pale amoksisilini ilipotumika vizuri kwa siku 2 au 3 bila nafuu.
- Jipu la jino lililoanza kuvimbisha shavu, sambamba na kulitoboa au kung'oa jino. Dawa peke yake haitoi usaha.
- Baadhi ya nimonia za watu wazima na maambukizi ya figo. Hapo aamue daktari aliyekupima.

Lini unapoteza hela

- Mafua na kikohozi cha kawaida. Hivyo ni virusi. Makohozi kugeuka kijani si ushahidi wa bakteria, na kikohozi cha virusi kinaweza kukaa hata wiki 3.
- Malaria. Pima kwanza.
- Jino linalouma bila uvimbe wala homa. Nenda kwa daktari wa meno.
- Kisonono. Dawa za jamii hii hazitegemewi tena kwa ugonjwa huo, na ukijitibu kwa siri mwenzio anabaki nao.
- Nimonia ya mtoto inayotibiwa nyumbani. Dawa ya kwanza hapo ni amoksisilini ya kuyeyusha kwenye maji, vile vidonge vya miligramu 250 vinavyotolewa vituo vya afya. Mama akipewa hivyo huona kadharauliwa. Hakudharauliwa. Lakini mtoto anayepumua haraka mpaka mbavu zinaingia ndani, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyepata degedege, huyo ni wa hospitali usiku huo huo, si wa kaunta yoyote.

Na UTI? Siku hizi kila homa mjini ni UTI, kila mgongo ni UTI. Kipimo cha haraka cha mkojo kinadanganya kirahisi, hasa kwa mwanamke asiyepewa maelekezo ya kukinga mkojo wa katikati. Kama umeshameza dozi mbili na dalili zinarudi, usinunue ya tatu. Omba mkojo uoteshwe. Majibu huchukua siku 2 hadi 3, na karatasi itaonyesha ni bakteria gani na dawa ipi inamuua. Nimeona karatasi nyingi ambazo ile "kali" ilikuwa kwenye orodha ya zisizofaa, huku dawa ya bei ndogo ikiwa kwenye orodha ya zinazofaa.

Mbwa kakung'ata? Antibiotiki si jambo la kwanza

Nimetenga sehemu hii kwa sababu kosa lake linaua. Mtu anang'atwa, anakuja dukani, ananunua Augmentin, anafunga kidonda kwa kitambaa, anarudi kazini. Augmentin hainusi hata harufu ya kichaa cha mbwa. Kichaa cha mbwa ni kirusi, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Fuata mpangilio huu:

1. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Tazama saa, dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani.
2. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Kama kituo hakina, ulizia hospitali ya wilaya. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.
3. Hapo ndipo linakuja suala la Augmentin, kwa siku chache tu, hasa kama kidonda ni kirefu, kiko mkononi, usoni au karibu na kiungo, au una kisukari.

Aliyempiga mwenzake ngumi ya meno akachanika vifundo vya vidole naye asome hapa. Kile ni kidonda cha kung'atwa na binadamu, hata kama hataki kusema kilipatikanaje.

Namba kwenye boksi

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na si ya wagonjwa peke yao. Namba unayoiona ni jumla ya vitu viwili:

- 375 ni amoksisilini 250 na klavulaniki 125
- 625 ni amoksisilini 500 na klavulaniki 125
- Gramu 1 ni amoksisilini 875 na klavulaniki 125

Umeona? Klavulaniki ni 125 kote. Kwa hiyo ukikosa 625 ukaambiwa "meza 375 mbili tu, ni mamoja", si mamoja: umemeza klavulaniki mara mbili, na klavulaniki ndiyo inayokimbiza watu chooni. Hali kadhalika 625 mbili si badala ya gramu 1. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni 625 kila baada ya saa 8, au gramu 1 kila baada ya saa 12. Mwenye ugonjwa wa figo hupangiwa tofauti, na kidonge cha gramu 1 huenda kisimfae kabisa.

Dawa ya maji ya watoto ina mtego mkubwa zaidi. Katika kila mililita 5:

- 156 ina amoksisilini 125
- 228 ina amoksisilini 200
- 312 ina amoksisilini 250
- 457 ina amoksisilini 400

Ya 156 na 312 kwa kawaida hupewa mara tatu kwa siku. 228 na 457 mara mbili. Sasa fikiria mama aliyeandikiwa 228, mililita 5 kutwa mara mbili. Duka halina 228, lina 457. Anapewa 457 na maelekezo yale yale ya mililita 5. Mtoto amepata dozi mara mbili kwa wiki nzima, na mama anashangaa kwa nini nepi haziishi. Chupa ikibadilishwa, usiondoke dukani kabla hujauliza: namba mpya ni ipi, mililita ngapi sasa, mara ngapi kwa siku.

Kipimo cha mtoto hutokana na kilo zake. Miaka haitoshi. Kama hamkumpima karibuni, mpimeni kabla ya kuandikiwa. Na kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo: kimoja kitabeba mililita 3, kingine 7. Tumia kikombe kidogo kilichokuja na chupa au bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo duka lolote la dawa litakuuzia kwa bei ndogo.

Saa, chakula na mfungo

"1x3" kwenye bahasha haimaanishi asubuhi, mchana na jioni. Maana yake ni kila baada ya saa 8. Ratiba inayowezekana ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ya gramu 1: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Weka kengele ya simu.

Meza mwanzoni mwa chakula, yaani tonge la kwanza likishashuka, kidonge kifuate. Tumbo husumbuka kidogo, na klavulaniki huingia mwilini vizuri zaidi. Chai ya maziwa haina tatizo na dawa hii; ile marufuku ya maziwa ni ya dawa kama tetrasaiklini na siprofloksasini. Kidonge kikikushinda ukubwa, kikate katikati, umeze nusu zote mbili wakati huo huo. Nusu usiihifadhi.

Mwezi wa Ramadhani mnaniuliza kuhusu saa 8 mchana. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na hilo ulizungumze na shehe wako, si mimi. Lakini kama hali yako ni nyepesi na umeamua kufunga, mwombe daktari aangalie kama gramu 1 mara mbili inakufaa badala ya 625 mara tatu: moja wakati wa futari, moja wakati wa daku. Hazitatimia saa 12 kamili katikati, lakini zinakaribia. Usichokifanya ni kumeza vidonge viwili vya 625 kwa mpigo wakati wa futari ili kufidia cha mchana.

Umesahau? Meza ukikumbuka, kisha acha yapite kama saa 4 kabla ya kinachofuata. Usifidie kwa kumeza viwili pamoja. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya kunywa, mrudishie dozi ile ile. Baada ya hapo, ngoja zamu inayofuata.

Dawa ya maji na nyumba isiyo na friji

Ikiwa unga, chupa inavumilia. Ikishatiwa maji, ni siku 7, na lazima ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Baada ya siku 7, mwaga hata kama imebaki nusu. Ukiichanganya mwenyewe:

- Gongagonga chupa unga uachane na kitako.
- Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia kiasi, tikisa, kisha ongeza mpaka kwenye alama. Povu likitulia, angalia alama tena.
- Andika tarehe juu ya chupa kwa kalamu.
- Tikisa kila unapotaka kutoa dozi. Asiyetikisa humpa mtoto maji siku za kwanza na mashapo siku za mwisho.
- Unga uliogandamana au uliogeuka kahawia kabla ya kuchanganya, urudishe dukani.

Sasa, nyumba nyingi hazina friji, na nyingine zina friji lakini umeme una mambo yake. Kuweka chupa kwenye beseni la maji au pembeni ya mtungi si friji. Mwambie aliyekuandikia tangu mwanzo, bila aibu: "Nyumbani sina friji." Kuna vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, na mara nyingi amoksisilini ya kuyeyusha peke yake inatosha kabisa. Jirani mwenye friji naye ni suluhisho, ilimradi mtoto aende kule akanywe kwa saa yake, siyo ile ya "leo tumesahau, walikuwa wamelala".

"Nikatie vinne"

Sababu ya kwanza ya kukataa kukata mnaijua: dozi nusu. Ya pili wengi hawaijui. Klavulaniki haipatani na unyevu. Ndiyo maana vidonge hivi hufungwa kwenye karatasi nzito ya alumini, mara nyingine na kijipakiti cha kukausha ndani. Ukitolewa kidonge ukafungiwa kwenye bahasha ya karatasi, na hasa huku kwetu pwani ambako hata chumvi hulowa ndani ya kopo, asidi ile huanza kuharibika. Unabaki na amoksisilini ya bei ghali. Kidonge kikae ndani ya ganda lake mpaka dakika ya kukimeza. Usivitoe vyote kuvipanga kwenye kopo la wiki, hata kama kopo hilo ulilinunua kwa ajili ya dawa za presha.

Boksi lisitoke dukani bila kukaguliwa: tarehe ya kuisha, namba ya toleo, ganda lisilotobolewa, maandishi yasiyo na makosa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au chini ya kiwango. Nunua kwenye duka lenye leseni ukutani, dawa ikiwa imesajiliwa na TMDA kwa Tanzania, au na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Dawa ya mnadani, iliyoanikwa juani na inayouzwa kwa robo ya bei, usinunue.

"Lakini siku ya tatu nimepona, kwa nini niendelee?" Endelea kwa siku ulizoandikiwa. Zamani tuliandika siku 7 na 10 kwa karibu kila kitu. Sasa kwa magonjwa mengi siku 5 zinatosha, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba hata ulichoandikiwa si kirefu. Kama unaona ni kirefu mno, mpigie aliyekuandikia akufupishie yeye. Kosa la upande wa pili pia lipo: mtu kamaliza dozi, yuko salama, ananunua boksi jingine "kuzika kabisa". Hakuna kilichobaki cha kuzikwa.

Aleji: hapa usikimbie

Augmentin ni penisilini. Ampiclox ni penisilini. Amoksi, Pen V, X-pen, sindano ya PPF na ile ya benzathini, zote ni ukoo mmoja. Ukipatwa na aleji ya moja, usikubali nyingine kwa sababu jina kwenye boksi ni tofauti. Septrin si wa ukoo huu. Mwenye aleji ya Septrin anaweza kutumia penisilini, na nimeona watu wakinyimwa dawa nzuri kwa kuchanganya hizo mbili.

Dalili za kukimbilia hospitali mara moja, zikitokea ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa baada ya kumeza:

- midomo, ulimi au macho kuvimba
- kifua kubana, sauti kukauka, kupumua kwa kukoroma
- vipele vilivyoinuka na kuwasha sana mwili mzima
- kizunguzungu, jasho jembamba, kuzimia

Dawa yake ni sindano ya adrenalini. Piritoni haitoshi, na maziwa hayafanyi lolote. Usiende na bodaboda peke yako, mtu akushike.

Upande wa pili wa habari hii hausemwi vya kutosha. Wengi wanaojiita "nina aleji ya penisilini" hawana. Mwingine alitapika, ambalo ni tumbo tu. Mwingine alipata vipele bapa siku ya 5 au 6 akiwa mtoto, na huenda ilikuwa kirusi chenyewe kilichomtoa vipele. Nchi ambako watu hao hupimwa, wengi sana, takriban 9 kati ya 10, hukutwa hawana aleji. Kwa hiyo usiseme tu "aleji". Mweleze daktari: dawa gani, mwaka gani, ilitokea baada ya muda gani, ilionekanaje. Ikitokea leo, piga picha vipele kwa simu kabla havijafifia. Picha moja inanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Tumbo, ini, na linalokuja baadaye

Kuharisha kidogo ni kawaida na hukoma dozi ikiisha. Kunywa maji, mtoto apewe ORS. Kuharisha damu, au kuharisha maji mengi na homa na maumivu ya tumbo, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza, rudi hospitali, wala usitumie dawa ya kuzuia kuharisha. Wanawake wengi hupata fangasi ukeni, utando mweupe na muwasho, inatibika, sema.

La ini ni adimu, na nalitaja kwa sababu halimkumbushi mtu dawa. Macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, mwili unawasha. Linaweza kuja wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, na hupata zaidi wanaume wazee na waliotumia zaidi ya siku 14. Mgonjwa anaenda hospitali anaulizwa "unatumia dawa gani?" anasema "situmii", na kweli hatumii. Mwambie daktari ulichomeza miezi miwili iliyopita. Aliyewahi kupata manjano kwa Augmentin asiiguse tena maishani.

Sema kabla hujalipa, kama

- unatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda; damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi, ipimwe
- unatumia methotreksati, au alopurinoli ya gauti
- una ugonjwa wa figo au ini
- ni mjamzito. Dawa hii hutumika wakati wa ujauzito, lakini chupa ikipasuka kabla ya miezi kutimia madaktari huiepuka kwa ajili ya utumbo wa mtoto. Anayenyonyesha anaruhusiwa.

Vidonge vya majira havipotezi nguvu kwa sababu ya Augmentin, isipokuwa ukitapika au kuharisha sana. Bia nayo haina ugomvi wa moja kwa moja na dawa hii, ingawa mgonjwa anayeniuliza habari ya bia siku ya kwanza ya dozi hunipa mashaka na ugonjwa wenyewe.

Na Ampiclox je?

Watu huiona Ampiclox kama ndugu mdogo wa Augmentin. Si ndugu wa kufuatana. Kapsuli ya 500 ina ampisilini 250 na kloksasilini 250. Kloksasilini haikatwi na mkasi wa stafilokokasi, lakini haimkingi mwenzake. Mwenye jipu la ngozi anahitaji kloksasilini ya kutosha, na kwenye kapsuli hii mara nyingi anapata nusu yake. Nusu nyingine ni ampisilini isiyomsaidia. Shirika la Afya Duniani limeweka mchanganyiko huu kwenye orodha ya antibiotiki zisizopendekezwa, wakati amoksisilini pamoja na klavulaniki iko kwenye kundi la dawa za kawaida zinazopaswa kupatikana kirahisi. Nasema haya nikijua Ampiclox inauzwa kama pipi na kwamba nami, miaka ya mwanzo, niliiuza bila kuuliza.

Ukiwa umeandikiwa na daktari, meza tumbo likiwa tupu: saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Ni kinyume cha Augmentin. Halafu acha haya:

- Kufungua kapsuli na kunyunyizia unga kwenye kidonda. Unga huo hautengenezi dozi, unafunika uchafu, na ni njia nzuri ya kuujengea mwili aleji. Kidonda kinataka maji safi, sabuni na kufunikwa.
- Kuiweka ukeni.
- Kumeza mbili "baada ya shughuli" ili kuzuia mimba au maradhi. Haizuii mimba. Haikingi kisonono, sembuse virusi.
- Kumwekea mtoto kwenye kitovu.

Mnayouliza kwa haraka

*Naweza kumpa mwanangu kidonge changu nusu?* Hapana. Nusu ya 625 haina uwiano wa mtoto.

*Nimetumia Amoksi siku mbili, nihamie Augmentin?* Kama homa inapanda au uvimbe unaongezeka, rudi kwa aliyekupima. Kama ni mafua yanayosuasua, acha zote mbili.

*Zilizobaki nifanye nini?* Zirudishe duka la dawa. Usimwage chooni, usimpe jirani.

*Sindano si bora kuliko kidonge?* Kwa anayeweza kumeza na asiye mahututi, kidonge kinafika kule kule.

La mwisho aliniletea mzee mmoja mfugaji, baada ya salamu ndefu: "Mwanangu, hii Augmentin yangu imebaki. Mbuzi wangu ana jipu kwenye kiwele. Nimpe?" Shikamoo mzee wangu, usimpe. Tumbo la mbuzi linaendeshwa na bakteria. Ukimnywesha antibiotiki ya namna hii anaacha kucheua, na jipu linabaki pale pale. Maziwa yake nayo yatakuwa na dawa kwa siku kadhaa, na mwenye aleji ya penisilini akiyanywa anaweza kudhurika. Hata mtindi hayataganda. Mwite afisa mifugo, na umuulize maziwa umwage kwa siku ngapi.